Bushi ya Tatu

Jumatatu, 14 Juni 1954

Msimu umefunguliwa. Nimenunua daftari hili dukani Mbinga ili niandike mashine inavyokwenda siku kwa siku. Mwaka jana nilitegemea kichwa changu, na kichwa cha mtu anayeshinda karibu na injini hakikai na kitu.

Watu wa Mbuji wameleta kahawa mbivu tangu asubuhi, na wengine wametembea tangu alfajiri kutoka upande wa Litumbandyosi. Mashine ni ile ile: injini upande mmoja, mashine ya kumenyea upande wa pili, mkanda katikati. Gurudumu kubwa la kumenyea limekaa kwenye shafti nene, na shafti inazunguka ndani ya bushi, pete nene ya shaba inayoibeba. Kati ya shafti na bushi hakuna kitu ila utando wa mafuta, mwembamba kuliko karatasi hii ninayoandikia. Mwaka jana bushi moja ilimaliza msimu wote.

Jipya ni moja tu. Mwaka huu ni Mwaka wa Bikira Maria, kwa hiyo Mzee Placidi, ambaye ni mwenyekiti wetu wa chama cha kahawa na katekista pia, ametangaza kwamba saa sita mchana hatutasali Malaika wa Bwana peke yake kama zamani. Tutasali na Rozari, makumi yote matano. Injini inazimwa, watu wanapiga magoti, na baada ya Amina ya mwisho injini inawashwa na Mzee Placidi mwenyewe anasukuma mti unaotupa mkanda kwenye gurudumu ili mashine ianze. Mimi ni Mwanglikana wa Ziwa Nyasa, karibu na Lituhi. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi. Sina neno.

Jumanne, 15 Juni

Kazi. Baridi.

Jumatano, 16 Juni

Mchana baada ya Rozari mashine ililia ilipoanza. Mlio mfupi, kisha kimya. Nikaongeza mafuta.

Alhamisi, 17 Juni

Sikukuu ya Ekaristi, hakuna kazi. Nimefua.

Jumamosi, 19 Juni

Imelia tena. Nimebadilisha mafuta nikidhani yana mchanga. Hayakuwa na mchanga.

Jumanne, 22 Juni

Bushi imeungua. Saa sita na nusu mchana, jua kali, Mzee Placidi kasukuma mti, mashine ikapiga ukelele, moshi ukatoka, akina mama wakakimbilia nje na vikapu vyao. Nimeifungua: shaba imekwaruzwa upande wa chini, pale gurudumu linapolalia. Nimefunga ya pili. Tulikuwa na tatu tu kwa msimu mzima, na nyingine tumeambiwa hazitafika Songea kabla ya Septemba. Kahawa haisubiri Septemba. Ikikaa siku mbili bila kumenywa inachacha, na iliyochacha hakuna anayeitaka.

Ijumaa, 25 Juni

Nimekwangua bushi ya pili ili shafti ipate nafasi zaidi. Nilidhani inabana. Sasa inagonga. Mafuta yanamwagika pembeni kabla hayajafanya kazi yoyote. Nafasi ikiwa ndogo mno mafuta hayaingii, ikiwa kubwa mno hayakai. Nani aliyesema ufundi ni kazi nyepesi? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo wangu Mbuji nzima inauona ni usufi.

Jumatatu, 28 Juni

Asubuhi kimya. Mchana imelia.

Jumatano, 30 Juni

Asubuhi kimya. Mchana imelia. Mama Verediana, mjane anayeongoza akina mama wa kuchagua kahawa, ameniuliza kama huko kwetu mashine nazo zinakaririshwa nyimbo. Nimemwambia aangalie kahawa yake mbichi. Amecheka mpaka akakaa chini.

Jumanne, 6 Julai

Siku mbaya. Naandika yote ili nisije nikaambiwa nimesahau.

Bushi ya pili imeungua, mchana ule ule, baada ya Amina ile ile. Moshi haujaisha, Mzee Placidi akaenda kwenye pipa la mafuta, akatumbukiza ufito, akautoa akauinua juu watu wote wauone. Walikuwa kama sitini. Kwa kawaida husema nao Kimatengo, na mimi huachwa nikitazama midomo. Leo alisema Kiswahili, tena polepole, ili kila neno linifikie.

"Fundi, mwaka jana pipa hili lilitupeleka mpaka Septemba. Sasa ni Julai na ufito umelowa nusu. Mafuta yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda kwenye bushi, mzee. Inalia, naongeza."

"Bushi imeungua kwa kukosa nini?"

"Kwa kukosa mafuta."

"Basi hayakwenda kwenye bushi."

Alichosema kilikuwa kweli na kilikuwa uongo, na sikujua uongo umekaa wapi. Akaendelea, "Mafuta yaliyonunuliwa kwa jasho la watu hawa yameibwa. Na ufunguo wa banda anao mtu mmoja. Bushi iliyobaki ni moja. Ikiungua na hiyo, fundi, utarudi ziwani, na mimi nitaandika barua kueleza kwa nini, ili pasiwe na mahali pengine utakapoiba."

Hakuna aliyenitetea. Mama Verediana alitazama vidole vyake.

Nimefanya kazi ya injini miaka kumi na moja. Nimeitwa mkaidi, mlevi mara moja (ilikuwa kweli), na mchoyo wa spana. Mwizi sijaitwa. Nimeumia, na nina hasira ambayo haina pa kwenda. Bushi ya tatu nimeifunga jioni.

Alhamisi, 8 Julai

Ukungu na manyunyu tangu asubuhi. Haikulia.

Jumamosi, 10 Julai

Ukungu. Haikulia. Siamini.

Jumatatu, 12 Julai

Ukungu. Mtu haoni hata mashimo ya kilimo cha ngolo kwenye mlima wa jirani. Dada yangu amenitumia usipa, dagaa wa ziwani, kutoka Lituhi, nimekula kwa ugali nikakumbuka joto. Mashine kimya. Mzee Placidi amemwambia kila mtu kwamba tangu aliposema ukweli mafuta yameacha kuibwa. Ninatafuna usipa na maneno yake pamoja.

Alhamisi, 15 Julai

Jua limerudi, mlio umerudi. Mchana, baada ya Amina. Nililikimbilia gurudumu kwa kopo la mafuta kama mtu anayekimbilia mtoto aliyeanguka. Imenyamaza, lakini najua haina siku nyingi.

Nimekaa nikasoma daftari hili tangu mwanzo. Asubuhi kimya, mchana inalia. Siku za baridi kimya, siku za jua inalia. Jumatatu asubuhi, baada ya mashine kusimama tangu Jumamosi, kimya kabisa. Sasa kama kusimama ndiko kunakoiharibu, mbona Jumatatu haiungui?

Jumamosi, 17 Julai

Nimepata. Naandika taratibu.

Padre Othmar, anayetuzungukia kwa pikipiki na kupiga picha, hutupa nyuma ya nyumba yake ya hapa vioo vya picha zilizoharibika. Niliokota viwili vilivyonyooka. Baada ya kazi nikavisafisha, nikaweka tone la mafuta ya mashine juu ya kimoja, nikafunika kwa kingine, nikapandisha jiwe juu yake. Mafuta yakatambaa. Mwanzo yanakimbia kwelikweli, unayaona yakitoka pembeni. Kisha yanapunguza mwendo. Kadiri utando unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyotoka kwa shida, lakini unatoka. Hauachi kutoka.

Nikataka kujua ni muda gani, na saa sina. Kitu pekee ninachokijua kipimo chake, kwa kukisikiliza kila mchana nimesimama mlangoni, ni Salamu Maria. Basi nikaanza. Baada ya Salamu Maria tatu, ambazo ndizo za Malaika wa Bwana, nilisukuma kioo cha juu kwa kidole kikateleza bila taabu. Nikaanza upya, nikasali mpaka hamsini. Kioo kilikuwa kizito, kikaenda kwa kushtukashtuka. Nikapasha mafuta juani nikarudia: hata ishirini hazikufika, kimeshakuwa kizito. Nilikuwa kwenye ya kumi na saba Mama Verediana alipoingia kuchukua ungo wake.

"Fundi! Umeongoka?"

"Napima mafuta, mama."

"Kwa Salamu Maria?"

"Sina saa."

Alikaa juu ya debe, akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. Nikamweleza. Shafti ikizunguka inavuta mafuta chini yake na kuelea juu yake, haigusi shaba. Ikisimama, gurudumu zito linayakamua. Kwa Malaika wa Bwana, dakika tatu, hayawahi kwisha. Kwa Rozari yanakwisha, hasa siku ya jua yakiwa mepesi. Halafu injini inawashwa, mkanda unatupwa kwa nguvu, kahawa imejaa bati la juu linalolisha mashine, na shafti inaanza chuma juu ya shaba, kavu. Hapo inakwaruza. Ikishakwaruza, mafuta yote ya pipa hayaokoi kitu.

"Na Jumatatu?"

Nilikuwa nimejiuliza hilo siku mbili. "Jumatatu na kila asubuhi naanzisha mimi. Natia mafuta, nalizungusha gurudumu kwa mkono mara kadhaa bati likiwa tupu, ndipo naweka mkanda. Tulifundishwa hivyo kwenye meli ya ziwani nilikoanzia kazi. Mchana anaanzisha mwenyekiti."

Akaomba ajaribu vioo. Akavishika akavuta vitengane. Havikutengana. Akavuta mpaka uso ukakunjamana. Nikamwonyesha: havivutwi, vinatelezeshwa upande, maana mafuta hayakubali kuingia haraka kama ambavyo hayakubali kutoka haraka. Akavitelezesha, vikaachana.

"Wewe si mwizi," akasema.

"Ungeyasema hayo tarehe sita."

Akachukua ungo wake akaenda.

Jumatatu, 19 Julai

Nimemwendea Mzee Placidi asubuhi. Nimemwamkia, nimeinama, nimetumia adabu yote niliyofunzwa na marehemu mama. Nikamwomba kitu kidogo: baada ya Rozari anipe muda nitie mafuta na kuzungusha gurudumu kwa mkono, kabla hajasukuma mti.

"Watu wanarudi Litumbandyosi kwa miguu," akasema. "Nusu saa wamesali. Unataka wangoje tena?"

"Kidogo tu, mzee. Kusimama ndiko kunakokausha bushi."

"Tunasimama kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya sala."

"Basi unasema sala inaharibu mashine."

"Sisemi sala, mzee. Nasema kusimama."

"Tunasimama kwa ajili ya sala."

"Ndiyo."

"Basi ni sala."

Mtu huyu angefaa kuwa wakili wa upande wowote. Nikamwonyesha vioo, akasema hana wakati wa vioo. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini hili halifi, linakaa tu pale likisikiliza mengine.

Jumanne, 20 Julai

Nimeshindwa kuvumilia. Wakati wa Rozari, watu wote wamepiga magoti kuelekea msalaba wa ukutani, nilirudi nyuma polepole, nikafunga mlango wa bati ili kahawa isishuke, nikatia mafuta, nikaanza kulizungusha gurudumu. Taratibu, bila sauti. Nilifika kumi la nne. Kisha Mzee Placidi akageuza kichwa.

Hakuingoja Amina. Alisimama, na watu wote wakasimama, nami nimekamatwa mkono ukiwa juu ya gurudumu. Akasema, tena kwa Kiswahili, "Mmeona wenyewe. Wakati Wakristo wanasali, huyu anafanya kazi, kwa makusudi, mwaka wa Mama Maria. Kwanza aliiba mafuta. Sasa anatuibia sala."

Nilimjibu. Sitaandika nilichomjibu, maana dada yangu anaweza kulisoma daftari hili. Amefunga banda na kuchukua ufunguo wangu mpaka Padre Othmar afike Ijumaa kuamua. Kahawa imebaki kwenye vikapu.

Jumatano, 21 Julai

Banda limefungwa. Vikapu themanini na kitu. Jua kali.

Alhamisi, 22 Julai

Harufu ya kuchacha imefika mpaka chumbani kwangu. Akina mama wanamenya kwa mawe, wanaumia vidole, na wakipita hawaniamkii. Kahawa hiyo ni karo za watoto wao na nguo zao za mwaka. Naelewa wanavyonichukia. Nami najichukia kidogo, kisha namkumbuka mwenyekiti nachukia vizuri zaidi.

Ijumaa, 23 Julai

Padre Othmar amekuja kwa pikipiki, mavumbi mpaka kwenye ndevu. "Tumsifu Yesu Kristo," na watu, "Milele, amina," nami pia. Akamsikiliza Mzee Placidi mpaka mwisho. Kisha akaniambia nieleze. Nilianza vizuri, halafu hasira ikanipanda nikawa nasema haraka, mpaka Padre akainua mkono akasema, "Fundi, nionyeshe."

Nikaweka vioo juu ya kikapu kilichopinduliwa. Tone, kioo, jiwe. Nikawaomba wasali Malaika wa Bwana, wakasali. Padre akasukuma kwa kidole, kikateleza. Nikawaomba wasali Rozari. Walisali yote, mimi nikiwa nimesimama katikati kama mshtakiwa. Padre akasukuma tena. Hakikutaka. Akasukuma zaidi, kikaenda kwa kukwama. Akavivuta vitengane akashindwa, akacheka peke yake.

Mzee Placidi akasema, "Padre, sasa tuache Rozari kwa sababu ya kioo?"

Padre akavitazama vioo, nikaona jambo langu linazama. Ndipo Mama Verediana akasimama, hakuombwa.

"Baba Padre, samahani. Wakati wa Rozari sisi mikono yetu ina kazi gani? Mmoja una shanga. Wa pili umekaa tu. Mkono mmoja na ushike shanga, wa pili ushike gurudumu. Kila Salamu Maria, mzunguko mmoja. Fundi atie mafuta. Mashine haitakuwa imesimama, na sala haitakuwa imeachwa."

"Huko ni kufanya kazi wakati wa sala," akasema Mzee Placidi.

"Mzee," akasema Padre, "sisi watawa wa Mtakatifu Benedikto tumeambiwa mambo mawili: sala na kazi. Sijaona mahali palipoandikwa yakae vyumba viwili." Akanirudishia ufunguo. Kuhusu mafuta yaliyoibwa hakusema neno, wala hakuna aliyeuliza. Nimerudi na ufunguo, jina langu limebaki pale pale.

Jumamosi, 24 Julai

Mama Verediana ameanza. Salamu Maria hamsini za makumi na tatu za mwanzo, mizunguko hamsini na tatu. Mashine ilipoanza haikulia. Kahawa ya vikapu thelathini imetupwa.

Jumatano, 28 Julai

Jua kali. Kimya.

Jumamosi, 31 Julai

Jua. Kimya. Sasa wanagombania zamu ya gurudumu. Mzee Placidi anatangaza kwamba Mama Maria ameiponya bushi. Nimetia mafuta kila siku kwa mkono wangu, na sijaona mkono mwingine pale. Nikaendelea kupangusa spana. Mimi ni fundi, si mhubiri.

Jumanne, 3 Agosti

Kimya.

Jumatatu, 9 Agosti

Mzee Placidi amekuja chumbani kwangu, akasimama mlangoni, akaomba vile vioo viwili na mafuta kidogo kwenye kopo. Hakusema vya nini. Nimempa. Sikumkaribisha kiti, na sijuti sana.

Alhamisi, 12 Agosti

Amevirudisha vioo. Vimeoshwa kwa sabuni. "Asante, fundi," basi, akaenda.

Jumamosi, 14 Agosti

Kahawa imekwisha. Mbele ya kamati nimefungua bushi ya tatu. Laini, inang'aa, utando wa mafuta bado umo ndani. Mzee Placidi alipitisha kidole chake, akakitazama kikiwa na mafuta, akakifuta kwenye suruali. Kesho baada ya Misa ni mkutano wa kufunga msimu.

Jumapili, 15 Agosti, Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni

Mkutano ulikuwa mbele ya banda, watu kama mia mbili. Mzee Placidi alishukuru, akataja uzito wa kahawa, akamshukuru Padre. Yote kwa Kiswahili, maana Padre alikuwepo. Padre akaondoka kwa pikipiki yake kwenda Misa nyingine. Hapo mwenyekiti akageukia Kimatengo.

Akasema kitu, watu wakanyamaza. Akasema tena, na watu wote mia mbili wakageuka wakaniangalia. Nikasikia jina langu. Nikasikia neno la mafuta. Akanyoosha mkono wake wa kulia juu, kama siku ile alivyonyoosha ufito. Nikajua ndiyo barua yenyewe, inasomwa hadharani, msimu umekwisha na fundi hahitajiki. Nikasimama nikaokota sanduku langu la spana.

Mama Verediana akanishika koti. "Unakwenda wapi?"

"Ziwani."

"Kaa chini, Mnyasa wewe. Anasema mafuta hayakuibwa."

"Nini?"

"Anasema bushi aliziunguza yeye. Amejaribu na vioo nyumbani siku tatu, mkewe anahesabu Salamu Maria. Anasema ni mkono wake ule, unaosukuma mti."

Ningepaswa kufurahi. Badala yake hasira niliyokuwa nayo tangu Julai ilinipanda yote kwa mara moja. Kunituhumu alinituhumu kwa Kiswahili, polepole, neno kwa neno. Kunisafisha ananisafisha kwa lugha nisiyoijua, na mimi nikiwa nimesimama na sanduku mkononi! Sikukaa. Nilipaza sauti.

"Mwenyekiti, samahani. Mimi ni Mnyasa. Sijaelewa hata neno moja."

Wengine wakacheka, kisha wakaacha. Nilidhani Mzee Placidi atasema amekwisha kusema. Akavua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili, akasema kwa Kiswahili, polepole vile vile:

"Fundi Nazari hakuiba mafuta. Nilisema ameiba, hapa hapa, mbele yenu. Nilikosea. Bushi mbili niliziunguza mimi, kwa sababu nilipenda kuonekana mimi ndiye ninayeianzisha mashine. Aliniambia, sikumsikiliza. Fundi, nisamehe."

Nilikuwa na hotuba tayari. Nimeitunga tangu tarehe sita Julai, nikiirekebisha kila nilipotia mafuta, na ilikuwa nzuri, ilikuwa na methali tatu. Niliweka sanduku chini nikafungua kinywa. Nikasema, "Yamekwisha, mzee," na sauti ikanikatika kwenye neno la pili, mbele ya Mbuji na Litumbandyosi yote.